Namna ya kuchagua tatizo la kazini kwa kikundi cha kujifunza kwa vitendo

Wiki mbili zilizopita katibu wa afya wa hospitali moja ya wilaya alinipigia simu saa 2 usiku. "Kaka, nina changamoto kumi na nne na nafasi sita. Nachaguaje?" Alikuwa anaandaa kikundi cha wakuu wa idara na mainchaji, yaani wauguzi wasimamizi wa wodi: watu sita, nusu siku kila baada ya wiki tatu, kila mmoja na tatizo lake la kazini. Wanaulizana maswali, wanakwenda kutenda, wanarudi kueleza kilichotokea. Hiyo ndiyo kujifunza kwa vitendo ninayoisema hapa, si ile ya mwanafunzi kupelekwa fildi. Tulikaa kwenye simu saa moja na nusu, kesho yake nikaona niandike.

Sizungumzii kuunda kikundi, kupata mwezeshaji wala kupanga viti. Hayo utayamudu.

Hatua ya 1: Sentensi moja, kwa mkono

Mpe kila mmoja penseli na kadi, aandike tatizo lake. Usitume fomu ya kujaza kwenye kompyuta, maana fomu huzaa lugha ya ripoti. Mimi napiga marufuku "changamoto", "ukosefu wa" na "upungufu wa". Changamoto ni neno la adabu tunalolitumia ili mkubwa asikasirike. Likishaingia hujui tena nani kaumia na wapi. Hayo mengine mawili ni mabaya zaidi kwa sababu yanakuja na jibu kwapani. Ukiandika "ukosefu wa kompyuta mapokezi" umeshaamua dawa ni kompyuta, kilichobaki ni kuomba. Mwulize mhusika: kompyuta zingekuwepo, kungekuwa na tofauti gani? Atakwambia faili la mgonjwa lingemfikia daktari kabla ya saa 3 asubuhi. Basi aandike hilo: mafaili yanachelewa kufika kliniki.

Hatua ya 2: Tenga vitendawili

Njia hii iliasisiwa na Reg Revans, Mwingereza aliyeanza kama mwanafizikia Cambridge, kisha akaingia kwenye mafunzo ya viongozi wa migodi ya makaa ya mawe nchini kwao. Alikuwa mkali kwenye jambo moja: kuna swali lenye jibu ambalo ni wewe tu hulijui, na kuna tatizo ambalo watu wenye uzoefu na akili zao timamu watalishughulikia kila mmoja kwa njia yake. La kwanza mpelekee mtaalamu, la pili ndilo la kikundi.

Sisi tofauti hiyo tunaijua tangu utotoni. Kitendawili! Tega! Ukishindwa unatoa mji, na mtegaji anakupa jibu kwa sababu alikuwa nalo tangu mwanzo. Kwa kila kadi, basi, najiuliza: kuna mtu ninayeweza kumpa mji? Kama yupo, mpigie simu, usiwakalishe watu sita nusu siku.

Angalia lakini. Kadi moja ya yule dada, katibu wa afya aliyenipigia simu, ilisema fomu za bima zinajazwa vibaya na madai yanarudishwa. Ukiitazama haraka ni kitendawili, mlete mtu awafundishe kujaza. Nikamwuliza wamefundishwa mara ngapi. Mara tatu. Hapo si kitendawili tena. Watu wanajua na hawafanyi, na sababu ya kutofanya haipo kwenye mwongozo wowote.

Hatua ya 3: Nani anajua, nani anajali, nani anaweza

Maswali haya matatu nayo ni ya Revans. Mawili ya kwanza hayana taabu. La tatu ndilo lililonigharimu kikundi kizima.

Nilipoanza kuwezesha, nilimpokea inchaji wa wodi ya wazazi aliyekuja na "wauguzi ni wachache". Hakuna aliyebisha, hata mimi. Tukafanya vikao vinne, na kila kimoja kikaishia kwenye barua: ya kwanza kwa mganga mfawidhi, ya pili ya kukumbushia ya kwanza. Ajira ya muuguzi wa hospitali ya umma inahitaji kibali kutoka juu, haiamuliwi wodini. Mama yule alijua tatizo kuliko sote. Alijali mpaka machozi yakamtoka kikaoni. Ila hakuweza. Kikao cha tano hakuja, na wenzake nao wakaanza kupata "dharura" mmoja baada ya mwingine.

Nilipaswa kumwuliza: ukiacha barua, Jumatatu asubuhi unaweza kugusa nini kwa mkono wako? Angenijibu, nina hakika, kwa sababu vipande vya jibu alikuwa anavitaja pembeni kila mara nasi hatusikii. Usiku ana wauguzi wawili, na kuanzia saa 8 hadi saa 11 alfajiri mapigo ya watoto hayapimwi kwa wakati. Nani alale lini, kina mama walazwe upande gani, mhudumu aitwe kwa lipi? Tatizo lile lile, ila hiki ni kipande kilicho mikononi mwake. Siku hizi sikatai tatizo kubwa, nalikata.

Ila usikate mpaka likawa kazi ya fundi. Kuhamisha benchi la kusubiria si tatizo la uongozi. Baada ya kukata lazima kibaki kitu cha kumkosesha usingizi, na lazima wawepo watu ambao itabidi awashawishi.

Usimwamini pia mtu anayesema "naweza". Nenda kwa bosi wake, ana kwa ana, simu haitoshi, ukaulize maswali mawili. La kwanza: wewe jibu lake unalijua? Akitabasamu na kusema ndiyo, rudisha kadi. Kikundi kitakuwa kinabahatisha alicho nacho bosi kichwani, nacho ni kitendawili kilichovaa koti. La pili: akija na jibu usilolipenda, utamruhusu alijaribu? Hapo sikiliza zaidi kimya kuliko maneno. Na umpate bosi wa pili anayejua habari hii, kwa sababu barua ya uhamisho haisubiri kikundi kimalize.

Halafu fedha. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Tatizo ambalo hatua yake ya kwanza ni fungu jipya la bajeti litakaa kabatini hadi wakati huo, na kikundi kitakuwa kimeshasahauliwa. Jambo la kujaribiwa ndani ya miezi mitatu bila kuomba fungu ndilo bora.

La mwisho, kadi zenye jina la mtu. "Fulani anakuja amelewa" ina utaratibu wake wa nidhamu, na kuijadili mbele ya wenzake ni kumvunjia heshima. Lakini kabla hujairudisha, mwulize aliyeandika: umeshamwambia? Mara nyingi hajamwambia, mwaka wa pili huu. Kwa nini kiongozi anashindwa kumwambia mtu wa umri wa baba yake kwamba kazi haiendi? Hilo lina nafasi kikundini, bila jina.

Hatua ya 4: Lijaribu kwa dakika ishirini

Mwenye tatizo anaeleza dakika tano, waliobaki wanauliza tu. Ushauri hapana, "mimi ningekuwa wewe" hapana. Sitaki projekta, bango kitita na kalamu moja vinatosha. Maswali yakikauka mapema, umepitisha kitendawili. Mwenye tatizo akijibu "hilo haliko kwangu" mara tatu, rudini hatua ya 3.

Hatua ya 5: Kila mtu na lake

Wapo wanaopenda kikundi kizima kibebe tatizo moja la taasisi. Huko Ubelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1960, Revans mwenyewe alisimamia mpango uliowapeleka mameneja kwenye kampuni za wenzao kushughulikia matatizo yasiyo yao. Kwa mameneja wakubwa sawa. Kwa mainchaji wetu mimi sipendi, maana tatizo la wote hugeuka kamati, na kamati huulizia posho.

Kadi kumi na nne za yule dada zilibaki tano. Vitendawili vitatu vilipelekwa kwa wenyewe, nyingine zikakatwa au kuunganishwa. Nafasi ya sita ilikuwa ya mkuu wa idara ambaye kadi yake ilisema "ukosefu wa ari kwa watumishi", na alishairudia mara mbili bila kubadilika kitu. Jumapili usiku, kesho yake kikundi kinaanza, alimtumia dada ujumbe wa WhatsApp, naye akanipitishia: "Wa zamu ya usiku wanaondoka kabla ya kukabidhi, na mimi nasaini daftari kana kwamba wamekabidhi."