Kutunza vifaranga kwenye baridi ya Goma

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku haiwahurumii vifaranga. Juma la kwanza wape joto la digrii 32 hadi 35, kisha punguza 3 kila juma. Huna kipimo? Watazame: wakirundikana wanasikia baridi, wakihema midomo wazi, joto limezidi.

Mbabula ya makala iwashiwe nje hadi moshi uishe, na hata hivyo acha upenyo juu ya ukuta. Gesi ya makala haina harufu. Huua vifaranga, na mtu pia.

Tandaza randa ya mbao chini, unene sentimita 5, maana mawe ya volkano hunyonya joto. Chanjo ya Newcastle (ugonjwa wa kuku uitwao kideri): siku ya 7, kisha ya 21, kwenye maji yasiyo na klorini.