Kigimbi kinapokaza kwa mwenye maumivu ya kano ya kisigino

Mtu mwenye matatizo ya kano ya kisigino, ambayo wataalamu huiita kano ya Achilles, mara nyingi huamka asubuhi akichechemea kutoka kitandani hadi uani, kisha baada ya hatua kadhaa mguu hulegea naye huendelea na shughuli zake. Jioni, baada ya kupanda kilima kutoka stesheni ya Kigoma hadi Mwanga, au baada ya kushinda akibeba magunia ya dagaa juu ya mchanga wa mwalo wa Kibirizi, kigimbi hukaza tena. Wengi hupambana na hali hiyo kwa kukinyoosha kwa nguvu kila wanapopata nafasi, na ninaamini kwamba tabia hiyo huwachelewesha kupona.

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Ule wa nje, unaotuna mtu anaposimama kwa vidole, huanzia juu ya goti, na ule wa ndani, ulio bapa, huanzia chini ya goti. Yote miwili huishia katika kano hiyo moja iliyojishikiza kwenye mfupa wa kisigino. Kano inapouma, mtu hukwepa kujisukuma kwa mguu huo bila hata kujua, na misuli hudhoofika. Msuli uliodhoofika, ukiendelea kubebeshwa mzigo uleule wa kila siku, huchoka mapema, na uchovu huo mwenye mguu huuhisi kama ugumu. Kwa hiyo kigimbi kinachokaza si lazima kiwe kifupi. Mara nyingi kimepungukiwa nguvu.

Kabla ya kuanza mazoezi, hakikisha kwamba tatizo lako si jingine. Ikiwa ulihisi ghafla kama umepigwa jiwe nyuma ya mguu na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo, huenda kano imekatika, na unapaswa kwenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile, kigimbi cha mguu mmoja kinachovimba, kupata joto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya treni au basi, kinaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na hapo kuchua ni hatari. Mweleze daktari pia kama maumivu yalianza ulipokuwa ukitumia ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, kwa maana dawa za kundi hilo zinajulikana kudhuru kano.

Ili kujua kama kigimbi kimefupika kweli, simama peku ukiutazama ukuta, kisha kunja goti hadi liguse ukuta huku kisigino kikibaki chini. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka ufike mahali ambapo goti linagusa kwa shida, upime kwa rula umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani, na ufanye hivyo kwa mguu wa pili. Miguu ikitofautiana kwa sentimita 2 au zaidi, kunyoosha taratibu kunaweza kukusaidia. Ikilingana, tumia muda wako kujenga nguvu.

Zoezi lenyewe ni kuinua visigino. Shika fremu ya mlango, inuka kwa miguu yote miwili ukihesabu hadi tatu, shuka ukihesabu hadi tatu au nne, na urudie mara 15 kwa awamu tatu, ukipumzika dakika moja au mbili katikati. Haraka huharibu zoezi hili, kwa kuwa faida kubwa iko katika kushuka polepole. Likizoeleka, inuka kwa miguu miwili na ushuke kwa mguu mbovu peke yake, kisha baadaye uinuke na kushuka kwa mguu huo mmoja. Msuli wa ndani hufanya kazi zaidi goti likiwa limekunjwa, kwa hiyo keti kwenye kigoda, weka juu ya mapaja karibu na magoti dumu la lita 20 lenye maji kiasi unachokimudu, na uinue visigino kwa mwendo uleule. Dumu likijaa, utakuwa unainua kilo 20 hivi.

Mahali panapouma pana maana. Maumivu yakiwa sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, unaweza baadaye kusimama ukingoni mwa ngazi ya baraza na kushusha kisigino chini ya usawa wake. Yakiwa pale kano inapoungana na mfupa, baki kwenye sakafu na uache kunyoosha, kwani mkunjo huo huibana kano dhidi ya mfupa. Mtu wa aina hii ndiye anayeumizwa zaidi na ushauri wa kunyoosha.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi yasizidi 5 katika kipimo cha 0 hadi 10 na kesho yake asubuhi ugumu usiwe umeongezeka. Ukiongezeka, punguza mzigo, lakini usiache kabisa. Mwaka 1998 daktari wa mifupa Håkan Alfredson na wenzake nchini Uswidi walichapisha matokeo ya mazoezi ya kushusha kisigino yaliyofanywa mara mbili kwa siku kwa wiki 12, na muda huo bado ni kadirio la haki. Anayetarajia nafuu kamili ndani ya wiki mbili atakata tamaa bure.

Kuchua kigimbi kwa mafuta kunaleta nafuu ya muda, ila usiisugue kano yenyewe kwa nguvu. Katika wiki za mwanzo epuka kutembea peku mchangani, weka ndala pembeni, na vaa viatu vyenye kisigino kilichoinuka kidogo.

Ukiweza kuinua kisigino kwa mguu mbovu mara nyingi sawa na mguu mzima, anza kukimbia mahali tambarare, dakika moja ya kukimbia na moja ya kutembea, siku moja ukikimbia na inayofuata ukipumzika. Kilima cha Mwanga kisubiri hadi upite wiki kadhaa za kukimbia bila asubuhi kuwa ngumu.