Seva ikikawia kuona disiki za SCSI: anza na saa, bisbisi baadae

Haya jamani, hizi seva kongwe bado zipo maofisini huku Unguja na Pemba, unaiwasha, inafika kwenye SCSI (ile njia ya kuunganishia disiki na tepu kwenye seva) inaganda, mtu keshasema disiki imekufa. Ngoja kwanza.

Hatua ya 1. Tafuta muda unaliwa wapi. Kwenye Linux piga `dmesg | less`, zile namba za kushoto ni sekunde tokea keneli (kiini cha mfumo) ianze, sasa mstari mmoja ukiwa 3.1 na unaofata 18.4 basi shughuli iko hapo katikati, soma jina la kadi ya SCSI au kifaa kilotajwa kabla na baada ya mwanya. Usichuje kwa grep mwanzoni, maana pengine kinachokawiza hakina hata neno SCSI. Watu wanairuka hatua hii wanakimbilia dukani Darajani kutafuta kebo.

Hatua ya 2. Jua kuna kusubiri kwa makusudi. Kadi ikiriseti laini inayounganisha vifaa, vifaa vinapewa muda vitulie, hasa tepu za zamani. Mfumo wa FreeBSD kwa kawaida unasubiri milisekunde 5000, ukitaka kupunguza weka `kern.cam.scsi_delay="2000"` kwenye `/boot/loader.conf`. Mie kama ni sekunde 5 tu naziacha zilivyo, seva yenyewe unaiwasha mara ngapi kwani? Lakini ukiona `still waiting after 60 seconds for xpt_config` hapo si kutulia tena, kuna kitu hakijibu.

Hatua ya 3. Hapo sasa ndo bisbisi. Zima, chomoa na waya wa umeme. SCSI ya kebo pana inataka taminata (kifungio cha mwisho wa laini) ncha zote mbili, katikati isiwepo, na ID, yaani namba ya kila kifaa, zisigongane, 7 kwa kawaida ni ya kadi yenyewe. Halafu tizama pini kwa tochi, ofisi ikiwa dirisha linatizama bahari utakuta kutu ya kijani kwenye pini za pembeni, isugue taratibu kwa mswaki mkavu na spiriti, iache ikauke kabisa. Bado? Acha disiki ya kubutia peke yake, uwe unarejesha kifaa kimoja kimoja na kuwasha, kile kitachorudisha uzito ndo mwenyewe.

Hatua ya 4, ya Linux. `cat /sys/module/scsi_mod/parameters/scan`, ikisema sync ongeza `scsi_mod.scan=async` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX` ndani ya `/etc/default/grub`, kwa Debian malizia na `update-grub`. Hii haifanyi kifaa kibovu kijibu haraka, inaacha mengine yaendelee wakati disiki zinatafutwa. Ila majina kama sda na sdb yanaweza kubadilishana, kwa hiyo `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha disiki za kufunguliwa, liandike kwa UUID (namba ya kipekee ya kila sehemu ya disiki) kabla hujaributi, usije ukakaa na seva isowaka na watu wanasubiri mishahara.

Na disiki ilochelewa kuonekana huna haja ya kuributi, ukiwa root piga `echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host0/scan`, host0 badilisha kwa namba ya kadi yako, kisha `lsscsi` uone imeingia au la.