Mpigaji aliyepewa 80

Mpwa wangu alikuja na laptopu, uso umejaa furaha. Alikuwa amewaingiza vijana wenzake wa hapa Jinja kwenye gemu yetu ya besiboli, na rafiki yake mmoja akampa alama 80 za kupiga. "Mjomba, amepiga 18 kwa 40!" Yaani mipigo 18 iliyofanikiwa kati ya 40. Tukaendesha msimu mzima. Kijana akamaliza na wastani wa 0.440, yaani mipigo iliyofanikiwa ukigawa kwa mipigo yote. Ted Williams mwenyewe, nguli wa besiboli ya Marekani, mwaka 1941, aliishia 0.406. Nikamwambia afute, tuanze upya.

Kipimo cha 20 hadi 80 ni cha maskauti wa Marekani, wale wanaosaka vipaji. 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Wenye 80 ni wachache mno kwa kila kipaji. Katika gemu yetu ligi ni ya hao vijana, basi 50 ni kijana wa kawaida kati yao.

Kwa hiyo kabla ya kumgusa mchezaji, tafuta wastani wa ligi yake. Bill Terry wa ligi kuu ya Marekani alipiga 0.401 mwaka 1930. Carl Yastrzemski akaongoza ligi yake mwaka 1968 kwa 0.301 tu. Namba tupu zinadanganya. Gawa ya Terry kwa 0.303, wastani wa ligi yake, na ya Yastrzemski kwa 0.230. Wote wawili wanatoka kwenye 1.3 na kidogo! Mwaka 1968 warushaji walitawala mno, hata kilima wanachosimama kurushia mpira kikapunguzwa mwaka uliofuata.

Halafu tia maji. Mipigo 40 ni uji mzito mno, bahati imejaa humo. Mimi humwongezea kila mpigaji mipigo 300 ya kawaida ya ligi. Ya kwetu niliikadiria 0.250, yaani mipigo 75 iliyofanikiwa. 18 na 75 ni 93. Gawa kwa 340, unapata 0.274. Mtu aliyepiga 200 kwa 600 hapungui sana: kutoka 0.333 anabaki na 0.306, maana jasho lake ni la msimu mzima.

Uwanja nao usiusahau, hasa kwa homurani, mpira unaopigwa ukavuka uzio. Denver, mji wa Marekani, iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali. Sisi Jinja tumepita mita 1,100, basi homurani za hapa ninazikata kidogo kabla ya kumpa mtu alama za nguvu.

Mwisho endesha msimu mara nyingi, si mara moja (chaji betri kwanza, umeme wetu unajulikana). Mpigaji wa kweli wa 0.300, kwa mipigo 600, ataangukia kati ya 0.281 na 0.319 katika misimu miwili kwa kila mitatu. Akitoka 0.283, mwache alivyo. Ukimbadilisha kila anapoteleza, unafukuza bahati.

Rafiki wa mpwa wangu sasa ana 55. Jumapili alipita dukani, akasalimia watu wote isipokuwa mimi.