Kuandaa skii za mashindano: makali kwanza, nta baadaye

Mwaka 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, alipoteremka kwa bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Pyeongchang, runinga ilionyesha milango, mwendo na saa. Haikuonyesha meza ya usiku wa kuamkia mbio, ambako makali ya chuma ya skii hunolewa na soli, yaani uso wake wa chini unaoteleza juu ya theluji, hupakwa nta. Huko Austria, Uswisi na Italia, mtoto wa klabu hujifunza kazi hii mapema, na wapo wanaoendelea kulipwa kwa kazi hiyo miaka mingi baada ya kuacha kushindana. Anayetaka kuishi na mchezo huu maisha yake yote aanzie mezani.

Tuchukue skii za giant slalomu, mbio za kuteremka kwa kona pana kati ya milango. Kwenye mashindano ya juu, urefu wa za wanaume haupungui sentimita 193 na za wanawake 188, na mkunjo wa ubavu wake una nusukipenyo kisichopungua mita 30. Theluji ya mbio kubwa mara nyingi hudungwa maji ili igande, iwe ngumu karibu kama barafu tupu. Juu ya kitu kama hicho nta nzuri haimwokoi mwenye makali butu, kwa hiyo muda mwingi wa usiku upe chuma.

Skii ikitoka nje, iache kwanza ipate joto la chumba na umande ukauke. Funga breki, vile vijiti vinavyoshuka buti likitoka kwenye skii, kwa mpira, kisha ibane kwenye jiliwa, soli ikitazama juu. Laza rula ya chuma iliyonyooka kukingama kwenye soli, taa ikiwa nyuma yake. Mwanga ukipenya katikati, kingo zimesimama juu kuliko soli: skii itang'ang'ania theluji na kukataa kuachia mwisho wa kona. Ukipenya pembeni, soli ina kifua, yaani imebinuka katikati, nayo itayumba kabla ya kushika. Kasoro hizo zote mbili dawa yake ni mashine ya kusaga soli. Usihangaike nazo kwa tupa.

Ukanda wa chuma ulio pembezoni mwa soli una nyuso mbili. Uso wa chini, ulio sambamba na soli, huinuliwa nyuzi 0.5 hivi kwa giant slalomu. Uso wa ubavuni hulazwa nyuzi 3. Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Wanaona skii haishiki, wanakimbilia kupiga tupa chini. Kila pigo la chini linaongeza ile pembe, makali yanazidi kwenda mbali na theluji, na huwezi kurudisha chuma kilichoondoka bila kusaga soli nzima. Uso wa chini ukishawekwa baada ya kusaga, uache. Kunoa kwa kila siku ni kwa ubavuni.

Kabla ya tupa, pitisha kidole ukitafuta mahali palipogonga jiwe. Joto la mgongano hukigeuza chuma kikawa kigumu kama kioo. Tupa hapo huteleza kwa mlio mkali na meno yake huisha. Palainishe kwanza kwa kinoo kikorofi cha almasi mpaka mlio ubadilike. Plastiki ya ubavuni ikiwa imevimba juu ya chuma, ikwangue irudi nyuma, la sivyo tupa itakaa juu ya plastiki na pembe yako itakuwa ya uongo.

Sasa paka chuma wino wa kalamu nzito, weka tupa kwenye kishikio cha nyuzi 3, uvute kutoka puani kwenda mkiani kwa mapigo marefu yanayopandana. Mkono uwe mwepesi. Safisha meno ya tupa kila baada ya mapigo mawili matatu. Wino ukiondoka sawasawa, simama. Chuma ni chembamba na msimu ni mrefu. Fuata na vinoo vya almasi vilivyoloweshwa maji: namba 200, 400, kisha 600.

Aliyewahi kunoa panga anajua kwamba ukinoa upande mmoja, uzi mwembamba wa chuma hujikunja upande wa pili. Kwenye skii uzi huo hulala chini, na ndio unaoifanya ikamate ghafla pasipotarajiwa. Uondoe kwa kinoo laini kabisa, ukikipitisha bapa na kwa wepesi kwenye uso wa chini, kwa kufuata pembe yake ileile. Jaribu kwa mgongo wa kucha: ukiukwaruza kwenye makali, utoke unga mweupe mwembamba urefu wote wa skii.

Nta huchaguliwa kwa joto la theluji, basi chomeka kipimajoto ndani ya theluji yenyewe. Sugua soli kwa burashi ya shaba, dondosha nta, kisha pitisha pasi kwa nyuzi joto zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi kati ya 120 na 140 za Selsiasi. Soli ni polithini, aina ya plastiki, na joto hilo linaweza kuiunguza. Kinachoiokoa ni mwendo. Usisimamishe pasi hata kidogo. Nyuma yake uonekane mkia wa nta mbichi wa sentimita chache tu. Ukiona moshi, punguza moto. Soli iliyoungua huziba, na haifyonzi nta tena mpaka isagwe.

Iache ipoe chumbani nusu saa au zaidi. Kwangua nta yote kwa kipande cha plastiki chenye ukingo mkali, kisha burashi ya shaba, ya manyoya ya farasi na ya nailoni, zote kuelekea mkiani. Nta inayobaki juu ya soli ni breki.

Jihadhari na vifaa vya zamani. Tangu msimu wa 2023–24 shirikisho la kimataifa la skii, FIS, limepiga marufuku nta zenye florini, na Oktoba 2023 huko Sölden, Austria, Ragnhild Mowinckel wa Norwei alinyang'anywa nafasi ya sita baada ya skii yake kupatikana na florini. Pasi au burashi iliyowahi kugusa nta hiyo isiingie kwenye chumba chako.

Mwisho funga jozi soli kwa soli, karatasi katikati ili makali yasigusane, kamba puani na mkiani. Kinoo laini kiende mfukoni: baada ya mbio za kupasha mwili, kagua tena makali yaliyo chini ya buti.