Jinsi ya kutengeneza alama za vinasaba za Saintpaulia

Saintpaulia ni ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu dunia nzima, lakini kwao ni kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara, Uluguru na milima jirani. Misitu hiyo inapungua, kwa hiyo inabidi tujue haraka ni utofauti gani umebaki porini. Alama ninazotumia ni mikrosatelaiti, yaani vipande vya vinasaba (DNA) ambamo herufi mbili au tatu kati ya A, C, G na T zinajirudia, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mmea na mmea.

Hatua ya 1. Pata vibali kwanza. Kwa Tanzania anza na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kata kipande cha jani kwa kila mmea, ukizike papo hapo ndani ya silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu. Usichukue mimea iliyobanana: jani likianguka huota, hivyo majirani wawili huenda ni mmea uleule.

Hatua ya 2. Toa vinasaba kwa CTAB (kemikali ya kupasua seli) ya asilimia 2 yenye PVP (kemikali inayoshika uchafu wa mmea), kwa joto la nyuzi 65, kisha safisha kwa kloroformu. Pima usafi kwa uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280; ukikaribia 1.8, endelea.

Hatua ya 3. Soma vinasaba vya mmea mmoja kwa mashine. Programu ya MISA itakutafutia marudio: herufi mbili mara 8 au zaidi, tatu mara 6. Programu ya Primer3 itakupangia praima za herufi 18 hadi 22, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoshika pande mbili za marudio ili yanakiliwe kwa PCR.

Hatua ya 4. Zijaribu, na hapa usiwe na pupa. Niliwahi kujaribu praima kwa mimea ya bustani moja tu. Zote zilifanya kazi vizuri, ila nilipozipeleka kwa mimea ya mlima mwingine, nyingi hazikutoa kitu. Herufi moja ikibadilika pale praima inaposhika, aleli hiyo (toleo hilo la kipande) haionekani, na mmea wenye aleli mbili tofauti unasomeka kama una moja. Kwa hiyo jaribu kwa mimea 8 ya milima tofauti tangu mwanzo.

Hatua ya 5. Praima zilizofaulu ziongezee mkia wa M13 (kipande cha herufi zilezile kwa praima zote), ili rangi moja itumike kwa zote na gharama ishuke. Pima sampuli zote, rudia baadhi yake, kisha linganisha na matarajio ya Hardy-Weinberg, yaani mgawanyo wa aleli unaotarajiwa mimea ikizaana bila kuchaguana. Upungufu wa mimea yenye aleli mbili ukiwa kwenye alama moja, ishuku alama hiyo. Ukiwa kwenye alama zote, huenda mimea inazaana ndugu kwa ndugu, na hilo liripoti, usilisafishe.