Kuunda kompyuta ya gemu isiyochemka, ndani ya bajeti

Theluthi hadi nusu ya pesa iende kwenye kadi ya grafiki, inayochora picha za gemu. Pawasaplai, yaani kifaa kinacholisha kompyuta umeme, usiibanie: jumlisha wati za prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi, kisha ongeza nusu yake. Ya ovyo ikiungua huweza kuondoka na madabodi, bodi kuu inayounganisha vipuri vyote.

Kasha liwe na uso wa wavu; la kioo mbele ni urembo tu. Feni mbili za milimita 120 mbele zivute hewa, moja nyuma iitoe. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi halinyonywi kupitia nyufa zisizo na kichujio.

Pesti ya joto, inayopitisha joto toka prosesa hadi kipozajoto (kifaa cha kuipoza), paka juu ya prosesa kiasi cha punje ya njegere. Bandua plastiki iliyo chini ya kipozajoto! Ikisahaulika, prosesa hupanda hadi nyuzi 95 na kujipunguzia kasi.